Marahaba Zilizomwangusha Baba

Kati ya Mfungo Mosi na Mfungo Sita, baba alianguka mara tisa. Idadi naijua kwa sababu nina duka la vifaa vya shule hapa Ngamiani, na mwenye duka anaweza kukosa vyote lakini hakosi daftari. Anguko la kwanza niliandika nyuma ya kitabu cha madeni, kwa hasira tu. La pili nikaona niandike vizuri: tarehe, saa, mahali, alivaa nini miguuni, alikuwa anafanya nini.

Baba alikuwa karani bandarini hapa Tanga kwa miaka 31, kazi yake kuhesabu shehena. Akaniona naandika, akataka kulikagua daftari. Alisema safu ya mwisho imekaa ovyo, nipige mstari kwa rula. Nikapiga.

Nilipoandika la tisa nikarudi juu, nikaisoma safu ile ya mwisho kwa mfululizo kama ninavyosoma hesabu za mwezi. Alikuwa anaitikia salamu. Alikuwa anavuka kizingiti cha mlango wa uani. Alikuwa anaitikia salamu. Alikuwa anamwelekeza dereva wa bajaji njia ya Chumbageni. Alikuwa anaitikia salamu. Alikuwa anageuka jikoni, kikombe mkononi. Salamu. Salamu. Alikuwa anatafuta funguo mfukoni huku anatembea.

Nilikaa na lile daftari mapajani mpaka shangazi akaniuliza kama nimeibiwa dukani.

Asiyeijua Tanga atadhani kuitikia salamu ni neno moja. Mzee wa umri wa baba akitoka nyumbani kwenda soko la Mgandini, mwendo ambao kijana anaumaliza kabla sigara haijaisha, hakosi shikamoo ishirini. Na shikamoo haitupiwi marahaba kavu ukapita. "Marahaba mwanangu. Hujambo? Hawajambo nyumbani? Na mguu wa mama unaendeleaje?" Nusu ya wanaomwamkia wako juu ya baiskeli, kwa hiyo lazima shingo igeuke kuwafuata. Shingo ikigeuka, kiwiliwili kinaifuata. Miguu imebaki inatazama kule ilikokuwa inatazama. Hapo ndipo baba anapolala chini.

Miguu yenyewe haikuwa na kosa. Hilo lilinichukua muda kulielewa, kwa sababu miezi yote ile tulikuwa tunaitibu miguu. Mafuta ya kuchua, soksi za kubana, fimbo mbili za mvinje, moja zawadi.

*

Zahanati ya kwanza tuliyokwenda walisema ni uzee. Ya pili wakatupa vidonge vya presha. Majirani nao walikuwa na lao, nisiliandike hapa maana wengine wanasoma. Wakati huo mkono wa kulia wa baba ulikwisha acha kupunga anapotembea, umening'inia kama wa nguo iliyoanikwa, na hati yake, ile hati ya karani iliyokuwa inaandikiwa barua za posa mtaa mzima, ilikuwa imesinyaa mpaka mwisho wa mstari herufi zikawa kama sisimizi. Hakuna aliyetuambia kwamba hati kusinyaa ni dalili. Tulidhani anahitaji miwani.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba hatukuwa peke yetu. Watafiti waliwahi kupita wilaya ya Hai, Kilimanjaro, nyumba kwa nyumba, kuwatafuta wenye ugonjwa wa Parkinson, huuhuu aliokuja kukutwa nao baba, katika watu wapatao 161,000. Walipata wagonjwa 33, na wengi wao hakuna daktari aliyekuwa amewahi kuwaambia wanaumwa nini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Nilipoyasoma niliwaza ni wazee wangapi wa Makorora na Mabawa wamekaa barazani wanaitwa wazembe kwa sababu wanachukua dakika tano kufunga kifungo cha shati.

Sisi tulijibiwa Dar es Salaam, na daktari wa mishipa ya fahamu ambaye kabla hajamgusa baba alikuwa amekwisha mtazama anavyoingia mlangoni. Alituambia atoke aingie tena. Baba alifika kwenye fremu ya mlango, miguu ikagoma. Si kwamba ilichoka. Iliganda sakafuni, visigino juu, magoti yanatetemeka, kama mtu mwenye kigugumizi anayelitafuta neno la kwanza. Kisha ghafla neno likatoka, akaingia kwa vihatua vya mbio.

Mwendo huo si mgeni. James Parkinson, daktari wa London, aliueleza mwaka 1817 katika kijitabu chake juu ya wagonjwa sita: mwili unainama mbele, kutembea kunageuka kukimbia pasipo mwenyewe kutaka. Linalonifurahisha ni kwamba baadhi ya hao sita hakuwaita chumbani kwake awapime. Aliwaona barabarani tu. Mtu wa baraza yule, najisemea. Angekaa Barabara ya Nane na kikombe cha kahawa chungu angeandika kitabu kingine.

Nimweleze baba ugonjwa wake? Alitaka kuelezwa. Nikatumia bandari. Nikamwambia: ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu nyeusi, seli zake zinatengeneza kitu kinaitwa dopamini, na kwa hicho kitu mambo uliyoyazoea yanajiendesha yenyewe. Kutembea, kupunga mkono, kupepesa macho, kumeza mate. Ni kama kuwa na karani mzuri: bosi yuko ofisini anakunywa chai, huku chini magunia yanahesabiwa bila yeye kujua. Seli zile zinakufa. Dalili zikianza kuonekana, nyingi zimekwisha potea. Sasa karani hayupo, na bosi mwenyewe inabidi ashuke gatini ahesabu gunia moja moja, mguu mmoja mmoja.

"Na mtu akimwita bosi," baba akasema, "anapoteza hesabu."

Sikuwa na la kuongeza.

Mwaka 1997 watafiti wa Sweden walitoa makala fupi ambayo mtu yeyote wa mtaani angeweza kuiandika kama angekuwa na daftari: wazee ambao ukiwasemesha njiani wanasimama ili wajibu, ndio walioanguka zaidi katika miezi iliyofuata. Kusimama kwao kulionyesha kwamba kutembea na kuongea havikai tena pamoja. Kwa wenye Parkinson kuna jambo la hatari zaidi. Mtu asiye na ugonjwa huu akizidiwa na kazi mbili, mwili huchagua kulinda msimamo kwanza, maneno yatajijua. Mwenye Parkinson mara nyingi hachagui. Anataka yote mawili yaende sawa, na msimamo unawekwa nyuma. Kwa baba ilikuwa ni zaidi ya ugonjwa. Marahaba ya mtu ni deni. Kutomwitikia mtoto wa watu kwa sababu unahesabu hatua, hilo kwake ni aibu kubwa kuliko vumbi kwenye kanzu.

*

Miwani ililetwa na mpwa wangu, mtoto wa dada, anayesoma mambo ya kompyuta Dar es Salaam. Alikuwa ameiazima kwa rafiki, kitu cheusi kama miwani ya kuzamia, unakivaa usoni na dunia ya nje inazimika yote, unabaki ndani ya dunia iliyochorwa. Alisema Wazungu wanawafanyisha wagonjwa wa Parkinson mazoezi ndani yake wasianguke. Kwa Kiswahili inaitwa uhalisia pepe.

"Pepo?" Shangazi akatoa kichwa jikoni.

"Pepe, bibi. Pe-pe. Kama pepe la mpunga. Ganda lipo, mchele hamna."

"Mimi nimesikia pepo. Na nyumba hii hamtamtia kaka yangu pepo kichwani nikiwepo."

Alikuwepo, lakini alizidiwa kura. Baba mwenyewe alitaka. Na mjukuu na babu wana utani wao: kijana alimwambia babu yake kama anaogopa aseme tu, watamvalisha bibi. Basi tukamsimamisha katikati ya ua, tukahamisha majiko na kamba za nguo, akavishwa. Kwa dakika moja alifurahi kweli. Alikuwa kwenye bustani, akasema, kuna maji, kuna daraja. Akanyanyua mguu apande daraja. Mguu ukashuka kwenye sementi ambayo macho yake yalisema haipo hapo. Nilimdaka kwa mkono mmoja, mpwa wangu kwa mwingine, miwani ikaning'inia sikioni. Baba alikuwa amekuwa mweupe midomoni, anataka kutapika.

Shangazi hakusema neno. Alifagia tu.

Usiku ule nilikasirika na nilimkasirikia nani sijui, nikakaa na simu nisome hayo mazoezi ya Wazungu yakoje hasa. Hapo nikagundua kwamba tulikuwa tumefanya kitu kingine kabisa. Utafiti mkubwa wa jambo hili ulitolewa mwaka 2016 kwenye jarida la Lancet, ukiongozwa na Anat Mirelman wa Tel Aviv, na ulihusisha watu 302 wa umri wa miaka 60 hadi 90 katika nchi tano: Ubelgiji, Israeli, Italia, Uholanzi na Uingereza. Wote walikuwa wameanguka angalau mara mbili katika miezi sita iliyotangulia. Kati ya 282 ambao matokeo yao yalichambuliwa, 130 walikuwa na Parkinson. Na hawakuvalishwa miwani yoyote! Walitembea kwenye mashine ya mkanda, ile ya kutembelea papo hapo, kiwiliwili kimefungwa mikanda inayoning'inia darini ili mtu akijikwaa asifike chini. Mbele yao skrini kubwa. Kamera ya mchezo wa kompyuta, Kinect, ile iliyotengenezewa watoto kucheza sebuleni, ilikuwa inapiga picha miguu yao na kuionyesha kwenye skrini ikipita katika njia yenye vizuizi. Lazima ulione dimbwi, uamue unalivuka au unalizunguka, ukumbuke njia uliyoambiwa, usishughulishwe na vinavyopita pembeni.

Wenzao walitembea kwenye mashine ileile bila skrini. Mara tatu kwa wiki, karibu dakika 45, wiki sita. Baadaye kila mtu akapewa kalenda ya kuandika anapoanguka. Nilipofika hapo kwenye kalenda nilimwita baba aje aone, kumbe tuna daftari la kisayansi.

Waliotembea na skrini, wastani wao wa kuanguka ulishuka kutoka karibu mara 12 kwa miezi sita hadi mara 6. Waliotembea bila skrini walitoka karibu 11, wakabaki na 8 na kitu. Kumbuka hao wa pili nao walitembea dakika zilezile. Miguu yao ilipata mazoezi yaleyale. Ila bosi hakufundishwa kuhesabu magunia huku anaitwa.

Baba alisoma zile namba kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Sasa kwenye skrini yao, nani anawaamkia?"

*

Mpwa wangu alijaribu kwanza njia ya mashine, kijana wa watu. Alifunga simu kwenye kiti iangalie miguu ya babu yake, akaiunganisha na televisheni. Picha ilikuja, ila ilichelewa kama nusu sekunde. Baba alikuwa anajiona anakanyaga pale alipokwisha toka. Tuliacha kabla ya adhuhuri.

Tukarudi kwenye chaki. Chaki ninazo, boksi kwa boksi. Tulichora ua mzima. Kwanza mistari ya kukatiza, kila mmoja umbali wa hatua moja, kwa sababu kigugumizi cha miguu kina ajabu moja: miguu inayogoma kwenye sakafu tupu haigomi kwenye mistari. Baba anayeganda mlangoni kwake huvuka barabara kwenye pundamilia kama askari wa gwaride. Mstari unampa bosi kitu cha kushika, na mdundo vilevile. Hukohuko kaskazini mwa Tanzania watafiti waliwahi kuwafundisha wagonjwa ambao hawajawahi kuona kidonge cha Parkinson kutembea kwa kufuata mlio wa metronomu, kifaa cha kupigia mdundo, na mwendo wao ukawa bora, hata walipopewa kazi ya pili. Sisi hatuna metronomu. Tuna shangazi, anayejua kupiga kofi la taarabu bila kuteleza hata pigo moja, na aliyekuwa ametusamehe kwa sharti kwamba hakuna kitu kitakachovishwa kichwani.

Baada ya mistari, vikwazo: ndala iliyopinduliwa, dumu la lita tano, kamba ya nazi iliyolazwa chini, bakuli la maji ambalo likimwagika unajua. Baba anazunguka kwa upinde mpana, hageuki papo hapo kwa kuusokota mguu, hilo alifundishwa na mtaalamu wa viungo aliyekuja kumpima. Huyo mtaalamu ndiye aliyetwambia pia tusianze bila mkanda. Tunamfunga mkanda mpana wa turubai kiunoni juu ya shuka, mtu mmoja yuko nyuma yake nusu hatua, mkono kwenye mkanda, hamvuti wala hamsukumi. Mikanda ya darini hatuna, na ambaye hana mtu wa kusimama nyuma yake asiyajaribu haya niliyoyaandika.

Ndipo tukaingiza salamu.

Nilifikiri ingekuwa rahisi. Watoto wa jirani wanne, nikawapa kalamu kila mmoja, wakae pembe nne za ua na wamwamkie babu anapopita. Siku ya kwanza alisimama kila shikamoo. Si vibaya, nikasema, kusimama ni salama kuliko kuanguka, tuanzie hapo. Tukafanya wiki mbili za kusimama tu: unasikia shikamoo, unasimamisha miguu yote miwili, unashika ukuta kama upo, ndipo unaitikia. Ilimuudhi. Alisema anaonekana mwenye maringo, anasimama kama waziri. Wiki ya tatu tukaenda kwenye kutembea na kuitikia neno moja bila kugeuza shingo. Halafu mawili. Halafu watoto wakaanza kuuliza maswali, na hapo walizidisha wao wenyewe: babu, saba mara nane? Babu, meli gani kubwa uliyowahi kuiona? Kwenye meli alikwama kila mara, kwa sababu jibu lake lilikuwa refu na alitaka kulisema lote.

Wiki sita zikaisha, tukaendelea. Si kila siku. Kuna siku mvua ya vuli ilifuta ua wote na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuchora upya.

Tulirekebisha na mengine, kwa hiyo sitajidai ni chaki iliyofanya kazi yote. Ndala zilipigwa marufuku, anavaa viatu vyenye mkanda wa nyuma. Mkeka wa sebuleni umekunjwa. Choo kimewekewa bomba la kushika. Akitaka kuamka alfajiri anakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, maana ugonjwa huu huangusha presha mtu anapoinuka ghafla. Levodopa, dawa inayogeuka dopamini mwilini, anameza nusu saa kabla ya kula, na hili Tanga ni mtihani, kwa sababu protini ya samaki hushindana na dawa kuingia mwilini, na baba hajui chai ya asubuhi isiyo na kipande cha nguru. Funga ya Ramadhani daktari alimkataza kwa ajili ya saa za dawa. Analipa fidia, na ananuna mwezi mzima. (Mtu mmoja alituletea upupu uliosagwa, akisema una dawa ileile. Ni kweli mbegu za upupu zina levodopa. Lakini kwenye kijiko kile kuna kiasi gani, hata aliyeuleta hakujua, na baba tayari anameza yake kwa kipimo. Tulimshukuru, tukauweka juu ya kabati.)

Kuanzia Mfungo Saba hadi mwisho wa Ramadhani, daftari lina maanguko manne. Moja lilimvimbisha kifundo cha mkono wiki mbili. Mawili ni kile kizingiti, ambacho sasa nimekipaka rangi ya njano na bado kinatushinda. Lililobaki ni salamu, tena ya mtu aliyemwita kwa jina lake la utani la bandarini, kwa nyuma, baada ya miaka mingi. Hiyo naona hata mimi ningeanguka.

Juzi tulitoka wawili kwenda Mgandini, mimi nyuma yake nusu hatua, mkono kwenye mkanda uliofichwa chini ya koti. Mbele ya duka la baiskeli kijana akapita anateremka, "Shikamoo babu!" Baba alipiga hatua mbili, macho mbele, hajamtazama. "Marahaba." Hatua ya tatu. "Hujambo?" Kijana alikuwa ameshafika kona. Nikataka kumsifu, nikaanza kusema, baba umeona ulivyo… huku namtazama usoni, na mguu wangu wa kushoto ukaingia kwenye mtaro.

Alisimama, miguu yote miwili, akashika ukuta. Akanisubiri nijipanguse.

"Kaandike," akasema. "Na safu ya mwisho uijaze vizuri."

Nimeandika. Alikuwa anaongea.